Alianzia Sura za Mwisho

Kile kitabu kiliniudhi kuanzia jalada. Mwanamke mwenye nywele za kununua ameegemea dirisha anatazama mvua, na nyuma yake mwanamume wa shati jeupe amempa mgongo. Ukikiangalia tu unajua kwamba kufikia mwisho mvua itakatika na yule bwana atageuka. Sijui kwa nini mtu asome kurasa zote hizo ili afike mahali ambapo mchoraji amekwisha kumfikisha bure. Lakini nilikisoma, tena kwa kalamu nyekundu mkononi, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ugonjwa huo hauna dawa.

Kililetwa na mke wa mchungaji wetu. Alikuwa ametoka Nairobi kwenye semina ya ndoa, akarudi na nakala kadhaa mfukoni, akatugawia sisi kina mama wa kanisa letu hapa karibu na Sironga. Ilikuwa riwaya ya ndoa inayokufa na mke anayeiokoa. Tungekutana Sabato mchana, baada ya chakula, tusome kwa zamu, kisha kila mmoja achukue jambo moja la kwenda kufanya nyumbani kwake. Aliposema hivyo alituzungushia macho, na naapa yalikaa kwangu kupita kwa wengine.

Huenda alikuwa na habari. Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tunazungumza mambo ya maziwa na lango tu. Maziwa yamechukuliwa. Lango limefungwa. Sababu nitaitaja moja kwa moja nisije nikaizungusha. Chini ya nyumba yetu, karibu na chemchemi, nilikuwa na kipande cha shamba. Kilikuwa na migomba yangu na mboga za kienyeji, managu na ile chungu tunayoiita chinsaga, ambayo mtu wa nje akionja hukunja uso na sisi tukiikosa wiki nzima tunaugua. Nilikuwa nikitoka shule nateremka huko kabla hata sijavua viatu vya kazi. Siku moja nilirudi nikakuta migomba imelala chini na vibarua wanachimba mashimo ya kupanda mikaratusi. Mume wangu na kaka zake walikuwa wamekaa kikao wakaamua kwamba miti ya nguzo za stima ndiyo yenye faida. Walikaa sebuleni kwangu. Chai waliyokunywa wakiamua niliipika mimi, nikawapelekea, nikatoka.

Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinyamaza. Mume wangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Hanywi, hapigi, hana mambo ya kando ninayoyajua, na hawezi kumpita mbuzi aliyejisokota kwa kamba bila kumfungua. Ana duka la vipuri vya pikipiki mjini Kisii na wateja wake wanamsifu kwa upole. Ukimuuliza jambo zito hutazama pembeni, hukuna shingo, kisha hutoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe wetu ameangaliwa kuliko ng'ombe yeyote wa kaunti hii.

Basi nilikuwa nimefika mahali pa kujiuliza kama nitaendelea kukaa katika nyumba ile. Haikuwa hasira ya siku moja. Nilikuwa najiuliza polepole, nikisahihisha insha, nikimenya ndizi, nikiwasikiliza watoto wakisoma. Watu hudhani ndoa huvunjwa na ugomvi. Yangu ilikuwa inavunjwa na mtu anayekwenda kumwangalia ng'ombe. Na katika hali hiyo ndipo nikawekewa mapajani riwaya ya kuokoa ndoa.

Yule mhusika mkuu nitamwita bibi wa ghorofani, maana nyumba yao ilikuwa na ngazi na kila jambo kubwa lilimpata akiwa anateremka. Akiteremka alisikia simu ya mumewe. Akiteremka alianguka. Akiteremka, akiwa amevaa gauni jipya, mumewe alimwona kwa mara ya kwanza tangu arusi. Sisi kwetu ngazi ni zile za udongo za kuteremkia kisimani, na ukiteremka na gauni jipya utakachopata ni matope.

Alikuwa na watoto, mwandishi anasema. Sura ya pili wako mezani wanakunywa maziwa. Baada ya hapo nikawatafuta mpaka macho yakauma. Bibi wa ghorofani alilia kitandani siku nzima na hakuna aliyekuja kumwomba pesa za safari ya shule. Alikwenda ufukweni kutafakari, na hakuna aliyeuliza nani kabaki nyumbani. Sura ya mwisho watoto wakajitokeza, wamebeba maputo. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu, "Walikuwa wapi? Nani alipika?" Nikapiga mstari chini yake mpaka karatasi ikatoboka.

Wenzangu hawakuwa na shida hizo. Walilia. Mama mmoja, fundi wa cherehani, mtu mzima ambaye namheshimu, alilia mpaka zamu yake ya kusoma ikachukuliwa na jirani. Ni bibi mmoja tu mzee, mwenye shamba lake la chai na ulimi wake, aliyekuwa upande wangu. Tulikuwa tumefika mahali ambapo bibi wa ghorofani ameketi dirishani tangu asubuhi akimngoja mumewe.

"Huyu hana majani ya kuchuma?" akauliza.

"Wako mjini, Mama," mke wa mchungaji akamjibu.

"Hata mjini. Mtu anakaa hivyo mpaka saa ngapi? Gari la majani lingekuwa limeshaenda."

Tulicheka, na mke wa mchungaji akacheka pia, maana si mtu wa kununa. Lakini alipofunga kitabu alirudia lile lake. Kila mmoja achukue jambo moja. Akanigeukia. "Mwalimu, wewe utachukua nini?"

Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kwenda nyumbani. Nikasema nitachukua ile sura ya chakula cha mishumaa.

Na kwa kuwa nimelelewa kutimiza ninachokisema mbele ya kanisa, nilikitayarisha kweli. Jumapili nikawapeleka watoto kwa shangazi yao. Nikachinja kuku, nikapika ugali wa wimbi anaoupenda, nikatandika kitambaa cha meza kilichokuwa kabatini tangu tupewe. Mishumaa tunayo, tunaiweka kwa ajili ya siku ambazo stima inapotea. Giza lilipoanza kuingia nikazima taa, nikawasha miwili, nikakaa. Nilijihisi mpumbavu, lakini nilikaa.

Mume wangu akaingia, akasimama mlangoni.

"Tokeni za stima zimeisha?"

"Hazijaisha."

"Kwa jirani kuna stima." Alikuwa ameshageuka. "Wacha nione mita."

Akatoka na tochi ya simu kwenda kuangalia mita. Nilimsikia akibonyeza vitufe nje ya ukuta. Akarudi akaniambia kwa furaha kwamba mita iko sawa, shida lazima iwe ni balbu, akavuta kiti apande aitoe. Nikawasha swichi. Taa ikawaka. Akanitazama mimi, akaitazama balbu, akashuka kitini akala kuku wake. Baada ya kula alisema chakula kilikuwa kizuri, kisha akaenda kumwangalia ng'ombe.

Nilikaa pale na mishumaa yangu na nikakichukia kile kitabu kwa moyo wote. Nilimchukia mwandishi, ambaye bila shaka hajawahi kupika ugali wa wimbi. Nilichukia jinsi kila kitu ndani yake kilivyokuwa kazi ya mke. Mke apungue mwili, mke apunguze sauti, mke asali, mke atabasamu, na yule bwana kazi yake ni moja tu, kugeuka kutoka dirishani. Na hata akigeuka, anashangiliwa.

Shule zilipofunga mwezi wa nane nilimwambia mume wangu kwamba naenda Nyamache kumsaidia mama kuchuma majani chai. Mama ana watu wa kumchumia. Sote wawili tulilijua hilo. Nilifunga nguo za watoto na zangu, zaidi ya zile za kutosha kuchuma majani, na yeye akanibebea mfuko mpaka stejini. Kitabu nilikiacha juu ya meza. Sikukiacha kwa makusudi yoyote. Sikutaka tu kukibeba.

Kwetu binti akirudi kwao na mifuko, hakuna anayemuuliza. Wanakuangalia mifuko, wanajua. Mama alinipokea, akawapa watoto ndizi mbivu, akanionyesha chumba. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye majani, vikapu mgongoni, naye akaniuliza swali moja tu.

"Utarudi lini?"

"Sijasema nitarudi, Mama."

"Sikuuliza kama. Nimeuliza lini."

Baba yangu ni marehemu, na mambo ya nyumba hiyo husimamiwa na baba mdogo, anayekaa ng'ambo ya kijito. Naye alikuja jioni, akaketi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, atampigia mume wangu simu aje na mzee wa kwao wanichukue. Nilimwambia sina wasiwasi wowote. Akasema vizuri, basi wiki ijayo au ile ya pili. Nikaona nimetoka kwenye kikao kimoja nimeingia kingine.

Mume wangu hakungoja kupigiwa simu. Siku chache tu baadaye, kwenye saa nne za asubuhi, nilikuwa napanda kutoka kwenye majani nikaona mtu wa suti anaingia langoni. Suti nyeusi, ile ya arusi za watu wengine. Mkononi amebeba maua makubwa yaliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Nilifurahi kidogo, nakiri. Kisha nikayatambua maua. Mjini Kisii maua ya kununua ni ya mazishi. Alikuwa amenunua shada, lile la duara la kuweka juu ya kaburi, akang'oa utepe. Jirani wa mama alishaliona kutoka barabarani na alikuwa anakuja mbio na leso kichwani, akiuliza kwa sauti ni nani amekufa.

Hilo lilikuwa dogo. Ili muelewe lililofuata lazima niseme habari ya chinsoni. Ni ile haya ambayo sisi Wakisii tunaiweka kati ya mtu na wazazi wa mwenziwe. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Siku hizi wako wanaopeana mikono, hasa watu wa mjini, lakini kwetu hapana. Mume wangu akija kwa mama husimama karibu na mpapai ulio uani, mama husimama mlangoni, wanaulizana habari za mvua huku kila mmoja akitazama upande wake, na wanapendana sana kwa njia hiyo. Jikoni kwa mama hajawahi kukanyaga. Hata kuchungulia hajawahi kuchungulia.

Siku hiyo aliupita mpapai. Nilidhani hajauona. Akaelekea moja kwa moja kwenye jiko la nje, ambako mama alikuwa ameinama anasonga ugali wa vibarua, akainama chini ya paa, akaingia. Nikaangusha kikapu nikaanza kukimbia, ingawa sikujua bado nakimbilia nini. Nilifika mlangoni nikamkuta amelaza shada juu ya kuni, amemkumbatia mama yangu kwa mikono yote miwili na kichwa kakiweka begani pake.

"Mama," anasema, "nisamehe. Nilikuwa kipofu."

"Yaya!" mama akapiga kelele. "Yaya! Yaya!" Yaani la, hapana. Mama yangu ni mzito na magoti yanamsumbua, lakini alijinasua akapita mlangoni akanisukuma ukutani, mwiko bado mkononi, akaingia kwenye migomba. Tulisikia majani makavu yakivunjika mpaka chini kabisa. Mume wangu alibaki katikati ya jiko, mikono bado imenyooshwa, suti imejaa unga.

Yule jirani alisimama uani na leso yake. Alikuja kwa msiba na kwa kweli hakurudi mikono mitupu.

Baba mdogo aliitwa. Alivuka kijito kwa haraka ambayo sikujua bado anayo. Alimtoa mume wangu jikoni kwa kumwita kutoka mbali, akamsimamisha nje ya uzio karibu na zizi, akamkagua kwanza kwa macho.

"Kijana, umelewa?"

"Mimi sinywi, mzee."

"Afadhali ungekuwa umelewa."

Akateremka kwenye migomba kuzungumza na dada yake, maana ndivyo anavyomwita mama ingawa ni mke wa marehemu kaka yake. Aliporudi alisema mama ametuma ujumbe: yeye ni mtu wa kanisa na mambo ya mila haamini, lakini hatoki humo mpaka mtu huyo aondoke bomani, na hatalitumia jiko lile mpaka jambo hili limalizwe kama linavyomalizwa na wazee. Maana yake mbuzi wa kuondoa kosa, na wazee wa kwao waje waombe radhi. Wakati huo ugali ulikuwa unaungua.

Niliuondoa ugali motoni. Kisha nikamfuata mume wangu zizini. Alikuwa anamwangalia ng'ombe wa mama.

"Ni nini kilikuingia?" nikamuuliza.

"Si ni kile kitabu chako."

"Kitabu gani changu?"

"Kile uliacha kwa meza. Huyo jamaa anaenda kwa kina bibi yake, anapata mama mkwe akipika. Anamshika hivi, analia. Mama pia analia. Bibi anashuka ngazi." Alikuna shingo. "Nikaona ni kama uliniachia nisome."

Mume wangu hajafungua kitabu cha hadithi tangu amalize kidato cha nne. Husoma Biblia, na husoma vitabu vya vipuri vyenye picha za gia. Nilimwona ameketi peke yake mezani na ile riwaya, akitafuta humo jinsi ya kunirudisha kama anavyotafuta namba ya kifaa, na moyo ukaniuma. Nilitaka kulainika. Karibu nilainike. Lakini kitu fulani kikanikera.

"Ulikisoma chote?"

"Nilisoma pale mwisho."

"Mwisho kuanzia wapi?"

"Kuanzia pale jamaa ananunua maua. Yale ya mbele nilipitia tu. Ni marefu, alafu ni huyo mama anasumbuka sumbuka tu."

Sijui kama nilipiga kelele. Mama anasema alinisikia kutoka kwenye migomba. Mimi, niliyekitoboa kitabu kile kwa kalamu, niliyekichukia kwa moyo wote nikiwa na mishumaa yangu, nilijikuta nakitetea kama nimekiandika. Yale ya mbele ndiyo kitabu! Huyo mama anayesumbuka sumbuka ndiyo hadithi! Mtu unawezaje kuruka shida yote ukaenda kuchukua maua?

"Umekuja kuomba msamaha," nikamwambia. "Wa nini?"

"Wa yote."

"Yote gani?"

Akatazama pembeni. Nikamwona anageuza shingo taratibu kuelekea kwa ng'ombe, nikamshika kidevu nikamrudisha. Nilijua jirani anatazama na sikujali.

"Hujui," nikasema. "Umemkumbatia mama yangu, umemkimbiza kwenye migomba na magoti yake mabovu, na hujui ni kwa nini. Nenda nyumbani. Kaa chini, usome kuanzia ukurasa wa kwanza. Yale marefu ndiyo usome. Usije hapa kabla hujamaliza."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ni wa mama. Hayo yangu ni mengine."

Aliondoka. Aliliacha shada, na mama aliporudi alilitundika kwenye mpapai kwa sababu hakutaka kulitupa wala kulikaribisha ndani. Kwa siku zote zilizofuata tulipikia kibarazani, kwenye jiko la makaa, tukila moshi. Kila mtu aliyepita njia alitusalimia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama hakutaja kitu. Mara moja tu, tukichambua mboga, alisema kama anayejisemea, "Alikuwa analia kweli, lakini." Kisha akanikaripia kwa kuacha mashina.

Wiki iliyofuata wakaja. Mume wangu, mjomba wake, mzee mwingine wa kwao, na mbuzi mwekundu mwenye kiburi aliyekataa kupita langoni mpaka akabebwa. Wazee wakaketi na baba mdogo chini ya kivuli cha nyumba. Mambo ya mama yalisemwa kwa adabu yote. Mama alikaa ndani karibu na dirisha, akajibu kupitia humo, na ikakubaliwa kwamba kosa lilikuwa la ujinga na si la dharau. Mbuzi akachinjwa. Jiko likafunguliwa. Hapo ningetegemea kikao kiishe, lakini hakikuisha, kikahamia kwangu.

Nilikuwa nimebeba birika. Nilimsikia mjomba wa mume wangu akisema kwamba kwa kuwa mambo yamekaa sawa, watarudi na mke wao leo leo, gari lipo. Baba mdogo akasema hakuna neno, mifuko haikuwa mikubwa. Mzee yule mwingine akauliza watoto watakaa viti vya nyuma au watapakatwa. Nilimimina chai vikombe vyote. Hakuna aliyeniangalia ila kwa ajili ya sukari. Nikaweka birika chini, nikachukua kikapu, nikateremka kwenye majani, ingawa siku hiyo haikuwa ya kuchuma na kituo cha kupokelea majani kilikuwa kimefungwa. Nilichuma tu. Nilichuma hata majani mazee yasiyopokelewa.

Baadaye kidogo nikasikia mtu anapita kati ya mistari. Mume wangu. Safari hii alivaa sweta lake la siku zote. Alisimama mstari wa pili kutoka kwangu, chai ikiwa katikati yetu.

"Nimemaliza," akasema.

"Umemaliza nini?"

"Kitabu. Kuanzia mwanzo." Akangoja aone kama nitamjibu. Niliendelea kuchuma. "Huyo jamaa ni mjinga."

Nikaacha kuchuma.

"Anauza ile nyumba ya kwanza, bibi anaambiwa na dereva. Anabadilishia watoto shule, bibi anaona yunifomu. Huko mbele kote ni hivyo. Alafu mwisho analia, analeta maua, anamwambia twende nyumbani. Na wanaenda. Kinaisha." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayeogopa maneno yatamwishia. "Nikafikiri nimeruka ukurasa. Nikarudi nyuma nikatafuta. Sikuwa nimeruka. Huyo mama hakuna mahali ameulizwa kitu."

Hilo sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimesahihisha kila kitu katika riwaya ile, koma na nukta, watoto na maputo, na hilo, ambalo lilikuwa langu mwenyewe, lilinipita. Nilikasirika kwamba ni yeye aliyeliona.

"Wazee wanasema unarudi leo," akasema.

"Nimewasikia. Nilikuwa nimeshika birika."

"Najua. Nilikuona." Akakuna shingo. Nilimtazama nikingoja macho yaende pembeni, nikingoja akumbuke ng'ombe. "Wewe unataka kurudi?"

Ningependa kusema nilifurahi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimetayarisha majibu ya maswali ambayo hakuniuliza: kuhusu migomba, kuhusu kaka zake, kuhusu kila kikao nilichokipikia chai. Nilikuwa nayo yote kichwani, yamepangwa. Hili sikulitayarisha, kwa sababu halikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuliuliza. Kisha nikaanza kulia, na nililia kwa hasira tupu, hasira ya kuona jambo lenyewe ni dogo kiasi hicho na linatamkwa kwa pumzi moja, na mtu ameshindwa kulitamka mpaka amwaibishe mama yangu.

Hakunikaribia. Hakusema usilie. Alisimama upande wake wa chai.

"Sijui," nikamwambia nilipoweza. "Huo ndio ukweli. Sijui kama nataka."

"Sawa," akasema. "Sawa." Kisha akageuka akapanda kilima.

Nilidhani ni yale yale. Nilidhani anakwenda zizini. Nilijifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa chai, nikazidi kuyachoma, nikamlaani yeye na mwandishi na mke wa mchungaji kwa pamoja. Halafu nikasikia sauti za wazee zikipanda huko juu. Mjomba wake alikuwa ananguruma kwamba gari linangoja, na mifuko iko wapi. Na nikasikia sauti ya mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia mtu mzima hata mara moja.

"Harudi leo," alikuwa anasema. "Nimemuuliza, amesema hajui."

"Hajui nini? Mbuzi ameshaliwa!"

"Mbuzi ilikuwa ya mama, mzee. Huyu bado hajajibu."